Alama za kingamwili: jinsi maabara inavyojua saratani ilikotoka

Uvimbe uko kwenye ini, kinyama kimekatwa, majibu yanasema ni saratani. Ndugu wa mgonjwa wanaenda nyumbani wakisema mama ana saratani ya ini. Huenda sivyo. Saratani iliyoanzia utumbo mpana ikahamia ini hubaki kuwa ya utumbo, na dawa huchaguliwa kwa kufuata ilikoanzia.

Simama soko la Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi. Anayekuamkia “Ugonile” ni wa Rungwe au Kyela huko. Wa “Kamwene” ametokea Iringa. Wote wamehamia mjini na wanauza viazi vilevile, ila salamu inawataja. Seli nayo ikihama hubeba lafudhi ya kwao, yaani protini ilizozoea kutengeneza. Protini hizo ndizo alama.

Kuzisaka, maabara hutumia kingamwili, protini inayonasa kwenye shabaha yake. Tangu wanasayansi Georges Köhler na César Milstein wabuni, mwaka 1975, namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu, imewezekana kuzipata kwa wingi. Kipimo chenyewe huitwa imunohistokemia. Kinyama, mara nyingi chembamba kama kipande cha uzi, hulowekwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa slesi za maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 3 au 4. Slesi huwekwa kwenye kioo na kumwagiwa kingamwili. Penye protini inayotafutwa hugeuka kahawia. Pasipo nayo hubaki bluu.

Mwanapatholojia, daktari anayesoma slesi hizo kwa hadubini, hatosheki na kuona kahawia, anatazama imekaa wapi. Alama ya TTF-1, ya mapafu, hutakiwa kujaa kwenye kiini cha seli, mfano wa mbegu ndani ya tunda. Kahawia hiyo ikitapakaa nje ya kiini, haisemi mapafu kabisa. Seli za ini hupenda kufanya hivyo.

Ndiyo maana alama hupimwa kwa kundi. Turudi kwa yule mama mwenye uvimbe wa ini. Alama iitwayo CK7 haikuonekana, za CK20 na CDX2 zimewaka, yaani zimegeuka kahawia: daktari atashuku utumbo mpana na kuomba kipimo cha kamera. Zikiwaka CK7 na TTF-1, macho yanahamia kifuani. Alama ya GATA3 huelekeza kwenye titi, japo kibofu cha mkojo nacho kinayo, kama TTF-1 inavyopatikana pia kwenye tezi ya shingo. Hata Mwanjelwa yupo Mhehe aliyekulia Kyela. Na zipo saratani zilizoharibika hadi zikasahau lugha ya kwao. Hizo hata kundi zima la alama linaweza kushindwa kuzitaja.

Watu huchanganya kipimo hiki na vile vya damu, kama PSA ya tezi dume. Hapa hakuna damu inayochukuliwa; kinachosomwa ni nyama yenyewe. Na nyama ina masharti: ikichelewa kutiwa fomalini, protini huharibika, na jibu la “hakuna alama” likawa la uongo. Kwangu mimi hapo ndipo penye hatari kubwa, kabla hata maabara haijagusa kitu.

Nta iliyobaki huhifadhiwa. Mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine, ndugu waulizie kipande hicho cha nta pamoja na karatasi ya majibu, maana alama nyingine zinaweza kupimwa humohumo bila kumchoma sindano upya.