Je, wajua? Mfaransa akinyata anasema anatembea hatua za mbwa mwitu

Hivi kwanini mtu akitaka kupita karibu na mtoto aliyelala anapanda juu ya vidole? Hakuna aliyefundishwa hiyo kitu shuleni. Hata mtoto mdogo anayeenda kudokoa sukari kabatini anainua visigino vyake mwenyewe bila kuambiwa.

Sababu iko mguuni. Ukitembea kawaida kisigino ndo kinatangulia chini, na kisigino ni mfupa mkubwa, juu yake mguu umenyooka, kwahiyo uzito wako unashuka kwa mpigo mmoja, ko, ko, ko, na kama ni sakafu ya mbao nyumba nzima inajua umeamka. Ukitanguliza vidole kifundo cha mguu kinajikunja taratibu, msuli wa shavu la mguu unavutika, uzito unapokelewa kidogo kidogo, kile kishindo cha ghafla kinakosekana. Sauti ya hatua kwa sehemu kubwa ni hicho kishindo.

Sasa mbona hatutembei hivyo siku zote? Manake inachosha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani, mmoja wao David Carrier, walipima nguvu ambazo mwili unatumia wakaona mtu akitembea kisigino kikiwa kimeinuka kidogo tu anatumia nguvu asilimia 53 zaidi ya kawaida, na akipanda juu ya vidole kabisa ni asilimia 83 zaidi. Kwahiyo binadamu anainuka pale penye sababu tu, akishapita anashusha visigino.

Wenzetu paka, mbwa, simba na chui wao wanatembea kwa vidole maisha yao yote. Mwangalie mbwa mguu wa nyuma, pale panapoonekana kama goti lililogeukia nyuma, lile sio goti, ni kisigino chake, kiko juu hakigusi chini akitembea. Paka ndo kazidi, ana vitanga laini chini, kucha anazirudisha ndani, alafu mguu wa nyuma anauweka palepale au karibu kabisa na pale alipoutoa wa mbele, yaani kama ule wa mbele haukukanyaga jani kavu basi na wa nyuma haukanyagi.

Ndo hapo Wafaransa walipochukulia msemo wao. Kunyata wanasema à pas de loup, kwa hatua za mbwa mwitu, yule wa misitu ya Ulaya. Wanao pia msemo wa ncha za miguu, ila huu wa mbwa mwitu mimi naupenda zaidi kwa sababu una ukweli ndani yake, yule mnyama kweli anatembea kwa vidole na kweli anakwenda kuwinda. Wajerumani wao wamechagua paka, wana neno la miguu ya mahameli, kile kitambaa laini, Samtpfoten. Waholanzi wanasema op kousenvoeten, kwa miguu yenye soksi, yaani wao wamekumbuka kuvua viatu kwanza, na kwa nyumba zenye ngazi za mbao unaelewa kabisa.

Wengine wengi wanataja vidole au ncha tu. Waitaliano, Wahispania, Wajerumani pia wana msemo wao wa ncha za vidole, Waarabu nao wanasema ʿala atraf asabiʿih, juu ya ncha za vidole vyake. Wahungaria wameunganisha yote kwenye neno moja, lábujjhegyen, ukilivunja unapata mguu, alafu kidole, alafu hegy ambayo ni ncha na pia ni mlima. India kwa Kihindi wanasema dabe paon, kwa miguu iliyobanwa, hapo vidole havitajwi kabisa, kinachotajwa ni mguu unaozuiliwa usipige kelele.

Wajapani ndo wamekaa kuangalia kitendo chenyewe hatua kwa hatua. Wanasema nukiashi, sashiashi, shinobiashi: mguu unaochomolewa, mguu unaochomekwa, mguu unaojificha, na hilo shinobi la mwisho ndo lilelile wanalowaitia wale majasusi tunaowajua kama ninja. Kuna ngome moja Kyoto inaitwa Nijo, ilijengwa 1603, varanda zake zina sakafu inayolia kama ndege ukiikanyaga, kwa sababu misumari na vibanio vya chuma chini ya mbao vinasuguana. Hadithi inayopendwa ni kwamba iliwekwa hivyo makusudi kumkamata mtu anayenyata, wengine wanasema mlio umekuja tu kwa kuchakaa. Vyovyote iwavyo, kunyata pale hakukusaidii sana, manake vidole vinapunguza kishindo ila havipunguzi kilo zako, ubao bado unabeba uzito uleule, tena umekusanyika sehemu ndogo. Ndo mana hata nyumbani ngazi bovu inakusaliti hata ukipita kwa vidole.

Sasa turudi kwetu, manake hapa ndo panaponifurahisha. Kiswahili kwenye kunyata hakijataja kidole wala mnyama. Kupanda juu ya vidole tumekupa neno lake kabisa, kuchuchumia, mtoto anachuchumia afikie kopo juu ya kabati, na anaweza kuchuchumia huku anapiga kelele vizuri tu. Kunyata ni kitu kingine, ni mwendo wa kutotaka kusikika, unyate kwa vidole, unyate kwa soksi, hilo lugha haijali. Inachojali ni kama kuna mtu unamfuata. Ukinyata unapita tu zako, ukinyatia kuna kuku mbele yako, au panya, au adui, hiyo herufi moja imebadilisha kila kitu. Kunyapia vilevile. Na kunyemelea ndo kabisa, huwezi kunyemelea hivihivi bila wa kumnyemelea.

Alafu sikiliza ile ny: nyata, nyapa, nyemelea, nyamaza, na mwendo wenyewe tunauita nyatunyatu. Wazulu wana nyonyoba na nyelela, Washona wana nyangira ya kumvizia mnyama. Sisemi ni sheria, manake hata nyundo inaanza na ny na haina ukimya wowote, lakini ukiyatamka hayo maneno polepole ulimi unabandika juu ya kinywa na sauti inatokea puani, laini, hakuna mpasuko kama wa k au p pale mwanzo.

Kunyemelea huko ndo kumefika hadi hospitali. Ilipotakiwa jina la yale magonjwa yanayomvamia mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa sababu ya VVU, Kiswahili kikayaita magonjwa nyemelezi, kama kifua kikuu na utando mweupe wa kinywani. Na jina limekaa sawa, manake vimelea vyenyewe vingi havitoki mbali, fangasi wa kinywani watu wengi wazima wanaishi nao bila kuumwa chochote, na vya kifua kikuu vinaweza kukaa mwilini miaka vimelala, kinga ikishuka ndo vinaamka.