Fedha za Mainz na Ngao ya Saxony: Kwa Nini Kanisa la Magharibi Liligawanyika

Masimulizi mengi ya mgawanyiko wa Kanisa la Magharibi huanzia tarehe 31 Oktoba 1517, siku ambayo Martin Luther, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino na mwalimu wa Maandiko katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, alitoa hoja zake 95 za kupinga uuzaji wa vyeti vya rehema, yaani hati za Kanisa za kupunguziwa adhabu ya dhambi. Tarehe hiyo haielezi jambo lililo gumu zaidi, yaani sababu ya malalamiko yaliyosikika kwa zaidi ya karne moja kugeuka, safari hii, kuwa utengano wa kudumu.

Fedha zilikuwapo tangu mwanzo. Albrecht wa Brandenburg, ambaye tayari alikuwa askofu mkuu wa Magdeburg, alitaka pia kiti cha Mainz, na kwa kuwa sheria ya Kanisa haikumruhusu kushika majimbo hayo kwa pamoja, alilipia kibali cha Roma kwa mkopo mkubwa wa ukoo wa Fugger, matajiri wa Augsburg. Ili deni lilipike, rehema ziliuzwa katika maeneo yake: nusu ya makusanyo ilikwenda kwa akina Fugger, na nusu katika ujenzi wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Mama aliyetoa sarafu kwa ajili ya marehemu wake aliyeko toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kifo, alihubiriwa habari za Kanisa la Petro. Za mkopo hakuhubiriwa.

Haki itendeke hapa: mafundisho rasmi hayakusema kwamba dhambi huuzwa, bali kwamba rehema hupunguza adhabu ya muda ya dhambi iliyokwisha kuungamwa. Mahubiri ya Mdominiko Johann Tetzel ndiyo yaliyofifisha tofauti hiyo. Hata hivyo Luther hakukomea kwa Tetzel. Katika mjadala wa Leipzig wa mwaka 1519 alikiri kwamba hata mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, unaweza kukosea, na tangu hapo ugomvi haukuwa tena juu ya mwenendo wa wahubiri, bali juu ya nani mwenye neno la mwisho katika imani.

Jan Hus, mhubiri wa Praha, alikuwa amefika karibu na hapo mapema. Alikwenda kwenye Mtaguso wa Konstanz akiwa na hati ya usalama ya Mfalme Sigismund, na bado alichomwa moto tarehe 6 Julai 1415. Luther naye alikwenda mjini Worms mwaka 1521 kuhojiwa mbele ya Kaisari, kwa hati kama hiyo, lakini alipokuwa njiani kurudi, watu wa Friedrich, mtawala wa Saxony, walimficha katika ngome ya Wartburg, ambako alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Lilichapishwa Septemba 1522, kwa mitambo ambayo Hus hakuwahi kuwa nayo. Friedrich mwenyewe, kwa kinaya, alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa masalia ya watakatifu yaliyowapatia mahujaji rehema, naye alikuwa amemkataza Tetzel kuuza vyeti vya rehema katika nchi yake.

Tusidhani, kwa hayo, kwamba watawala ndio waliotengeneza kila ufa. Huko Marburg, mwaka 1529, Luther na Zwingli, mwanamageuzi wa Zürich huko Uswisi, walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Iliyobaki ilihusu kama mwili wa Kristo umo kweli katika mkate wa Ekaristi, nao wakaachana bila kushiriki meza moja, ingawa walihitajiana sana kisiasa. Mwaka 1555, mapatano ya Augsburg yaliwapa watawala wa Ujerumani hiari ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri, na raia asiyekubali chaguo la mtawala wake aliruhusiwa kuhama.

Roma nayo ilijirekebisha. Mtaguso wa Trento, uliofanyika kwa vipindi kati ya mwaka 1545 na 1563, ulifuta kazi ya wakusanyaji wa sadaka za rehema, na mwaka 1567 Papa Pius V akabatilisha rehema zote zilizotolewa kwa malipo. Wakati huo Luther alikuwa kaburini kwa miaka 21, na mipaka ya makanisa ilikuwa imekwisha kuwa mipaka ya nchi.