Mti Mkavu, Kiwavi na Chura wa Masika: Dhana Potofu za Bustani

Niliwahi kung'oa mti mzima nikidhani umekufa. Ulikuwa mche wa miaka miwili, umesimama kama fimbo tangu kiangazi kianze, nami nikaona unanichafulia bustani. Nilipouchimbua nilikuta mizizi yake ina maji tele. Siku hizi nakwangua kwanza gome la tawi kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, jembe linarudi stoo.

Dhana nyingi kuhusu bustani huzaliwa hivyo hivyo: mtu ameona msimu mmoja, akatoa hukumu ya mwaka mzima.

"Mti usio na majani umekufa"

Jani hupoteza maji kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Udongo ukikauka, mti wenye majani mengi ni kama mtungi unaovuja, kwa hiyo miti mingi huyapukutisha na kusubiri. Kwenye nchi za baridi kali hufanya hivyo majira ya baridi, wakati maji ya ardhini yameganda na mizizi haiwezi kuyavuta. Mbuyu hukaa bila majani sehemu kubwa ya mwaka na hakuna anayeuandalia mazishi.

Mti unaonifurahisha zaidi ni Faidherbia albida, wa jamii ya migunga. Wenyewe hufanya kinyume: mvua zinapoanza hupukutisha majani, na kiangazi kinapokolea ndipo huvaa kijani. Anayeutazama wakati wa mvua tu atauita kuni. Wakulima wa maeneo makavu ya Afrika huuacha makusudi katikati ya mashamba, maana hauyatii mazao kivuli yanapokua, kisha maganda yake ya mbegu huwa chakula cha mifugo malisho yakiisha.

"Vyura huletwa na mvua, na udongo wa kiangazi hauna uhai"

Walikuwepo muda wote, chini ya miguu yako. Vyura wa aina nyingi hujifukia ardhini wakati wa ukame, na wapo ambao hujivika gamba la ngozi yao wenyewe ili wasikauke. Mvua kubwa ya kwanza inapolowesha udongo hadi walipo, wote hutoka karibu kwa pamoja, na usiku ule ule ni kelele mtindo mmoja. Ndiyo maana inaonekana kana kwamba wamedondoka kutoka mawinguni.

Nyungunyungu nao hushuka chini zaidi, wakajikunja kama fundo ndani ya kijichumba kilichopakwa ute. Ukichimba juu juu wakati wa jua kali usiwaone, usiseme udongo wako umekufa. Na tukiwa kwao: kumkata nyungunyungu vipande viwili hakukupi nyungunyungu wawili. Kipande chenye kichwa kinaweza kupona na kuotesha mkia, ila cha mkia hufa.

Kuhusu chura kuleta chunjua mikononi, sitakaa sana. Chunjua huletwa na virusi, na virusi hivyo hutoka kwa binadamu mwenzako. Vinundu vya chura ni tezi. Baadhi ya vyura hutoa sumu kupitia ngozi, kwa hiyo nawa mikono ukishamshika, lakini yeye hakuambukizi chunjua.

"Kiwavi ni adui, kipepeo ni pambo"

Watu wanaotaka vipepeo hupanda maua, kisha hupulizia dawa kila jani lenye tundu. Ni kama kumtaka mwanamuziki na kumkataa mtoto anayejifunza ngoma. Kipepeo mkubwa wa njano na nyeusi wa michungwa, Papilio demodocus, huanza maisha kama kijidudu kinachofanana kabisa na kinyesi cha ndege juu ya jani la mlimau. Baadaye hugeuka kijani, na ukimgusa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Kwa mche mchanga wa mlimau viwavi kumi ni balaa, sikatai. Waokote kwa mkono. Mti mkubwa hata haujui kama wapo.

Jambo lenye uzito zaidi ni ndege. Wengi wanaokula mbegu, shomoro akiwemo, huwalisha makinda wao wadudu, kwa sababu kinda hawezi kukua kwa punje kavu. Bustani iliyoondolewa viwavi wote wakati wa kutaga ni bustani isiyo na kitu cha kulisha kiota. Na hapa ndipo mimea ya asili hushinda ile ya mapambo kutoka mbali: viwavi wengi hula mimea ya jamii chache tu, ile waliyoizoea kwa maelfu ya vizazi. Mmea mgeni unaweza kuwa na maua mazuri yanayonywewa na kila kipepeo na bado usiwe na jani hata moja linaloweza kulea kiwavi.

"Mimea ya asili haihitaji kutunzwa"

Wauza miche hupenda kauli hii. Mche wa asili uliotoka kwenye kopo una mizizi ya kopo. Hauna bado ile mizizi mirefu inayomsaidia mama yake porini. Kiangazi chake cha kwanza, na mara nyingi cha pili, umwagilie maji mengi kwa nafasi ili mizizi iyafuate chini. Maji kidogo ya kila siku huifundisha kubaki juu.

Tena, "asili" maana yake si "wa nchi yetu". Mmea wa ukingo wa mto ni mgeni kwenye kilima cha mawe, hata kama ni safari ya nusu saa. Mbolea nayo si wema kila mara: protea wa Afrika Kusini na banksia wa Australia wamezoea udongo maskini, na fosforasi nyingi ya mbolea huweza kuwaua.

"Nyasi ndefu huzaa mbu"

Mbu hupumzika humo mchana, kwenye kivuli, na ndiyo maana ukipita wanakurukia. Lakini hutaga kwenye maji yaliyotuama, na kwenye joto wiki moja au mbili zinatosha yai kuwa mbu. Nimeona watu wakifyeka hadi udongo ukabaki mtupu huku visahani vya chini ya vyungu vya maua vimejaa maji. Mwaga hayo kwanza. Bwawa lenye viluwiluwi wa kereng'ende ni hadithi nyingine, kwa sababu hao hula viluwiluwi wa mbu.

"Ukimwagilia mchana, matone huunguza majani"

Watafiti wa Hungaria walilipima hili, matokeo yakatoka 2010: kwenye majani laini, matone hayakuunguza. Hatari ipo kwa majani yenye manyoya yanayolishikilia tone juu ya ngozi ya jani. Mwagilia asubuhi kwa sababu rahisi zaidi, kwamba adhuhuri maji mengi huishia hewani.

"Funika udongo wote kwa matandazo"

Hii ni dhana yetu sisi tunaojiona tunaijua bustani. Matandazo hutunza unyevu, na majani makavu ni makazi ya wadudu wengi. Sitaki tena kuyaona yakichomwa. Ila dunia ina zaidi ya aina 20,000 za nyuki zinazojulikana, na nyingi haziishi kwenye mzinga. Kwa aina nyingi, kila jike hujichimbia shimo lake kwenye udongo mtupu wenye jua. Akikuta tabaka nene la matandazo kila mahali, huenda kwingine. Acha kipande cha ardhi wazi, hata cha ukubwa wa mkeka. Kichuguu kidogo chenye tundu katikati, kinachofanana na cha sisimizi, usikifukie. Kaa pembeni asubuhi jua likishapasha udongo, utaona kijiuso kikichungulia kabla ya kuruka.