Elimu bila ada: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye waraka

Kila Januari shule zikifunguliwa, ubishi ni uleule. Mzazi kaletewa taarifa ya mchango wa mlinzi, anasimama kikaoni: "Si mlisema ni bure?" Mwalimu mkuu anajibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara arobaini. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii vya kutosha kujua kwamba mzazi ana hoja, mwalimu ana hoja, na wote wawili wanatembea na mambo ambayo hayakuandikwa popote.

"Elimu bure ililetwa na Magufuli"

Ada ya shule ya msingi Tanzania ilifutwa 1973. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma la chama tawala, TANU, likaagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977; wazee wetu bado wanaita kipindi kile UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Miaka ya 1980 uchumi ukayumba, wazazi wakaanza kulipishwa upya. Kisha likaja jina la MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na Januari 2002 watoto wakafurika shuleni baada ya ada kufutwa kwa mara nyingine.

Kipya cha 2016, chini ya Magufuli, kilikuwa sekondari. Kidato cha kwanza hadi cha nne walikuwa wakilipa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Hizo zikaondolewa, pamoja na michango ya lazima. Kidato cha tano na sita walisubiri hadi bajeti ya 2022/23.

Kwa hiyo nchi hii imefuta malipo mara tatu. Kitu ukikifuta mara tatu, maana yake kilikuwa kimerudi mara mbili, mara ya pili kikijiita mchango.

"Bure maana yake mzazi hatoi hata senti"

Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 haukusema hivyo. Umeorodhesha wajibu wa mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa, matibabu, nauli. Si ajabu lugha ya viongozi imehama taratibu kutoka "elimu bila malipo" kwenda "elimu bila ada". Neno la pili ni la kweli zaidi, ingawa halina mvuto jukwaani.

Mkanganyiko ulizidi Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni na kuwataka walimu wasishike fedha za wazazi. Amri iliwaokoa watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Upande wa pili, kuna shule ambako hata uji uliokuwa ukipikwa kwa makubaliano ya wazazi uliogopwa, mwalimu akiona bora watoto washinde njaa kuliko yeye kushushwa cheo. Sijui nimlaumu nani hapo.

"Serikali inamwaga mabilioni, mwalimu mkuu anayala"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hesabu yake ni ya darasa la nne.

Mpango ulipoanza, tuliambiwa serikali inapeleka shilingi bilioni 18.77 kila mwezi. Ni fedha nyingi kuzisikia redioni. Lakini shule za serikali za msingi na sekondari wakati huo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 9. Gawanya: mtoto mmoja hafikishi shilingi 2,100 kwa mwezi, na ndani ya hizo kuna chakula cha wanafunzi wa bweni na fidia ya ada ya sekondari.

Tuje kwenye shule ya msingi. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo wengi wanaiita kapitesheni, ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikaenda kwenye akaunti ya shule. Shule ya watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hapo toa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati, michezo, umeme kama upo, maji kama yapo. Mlinzi anayelala na panga lake getini hajahesabiwa bado.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana. Hiyo 10,000 ni kiwango cha enzi za MMEM, 2002, kilipokaribia dola 10 za Marekani. Mwaka 2016 kilikuwa kilekile, na thamani yake ilikuwa imeshuka chini ya dola 5. Wezi wapo, sikatai, na ndiyo sababu moja ya fedha kuanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule badala ya kupitia halmashauri. Ila pengo kubwa lipo hata pale ambapo hakuna aliyeiba kitu. Na ile posho ya madaraka ya shilingi 200,000 anayopewa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ni fungu jingine. Haikatwi kwenye fedha za watoto.

"Bajeti ya elimu ni ile anayosoma Waziri wa Elimu"

Hapana. Shule za msingi na sekondari za serikali zinasimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mishahara ya walimu wake ipo kwenye mafungu ya huko. Anayepima elimu ya msingi kwa hotuba ya Wizara ya Elimu peke yake anahesabu kuku kwenye banda la jirani.

"Fedha zikiongezwa, watoto watajua kusoma"

Nilipenda sana kuamini hili. Kati ya 2013 na 2014, shirika la kiraia la Twaweza pamoja na watafiti wa uchumi walifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kiwango kilekile cha ruzuku. Kundi la pili, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu.

Shule zilizopewa fedha tupu, alama za watoto hazikupanda. Zilizopewa bonasi peke yake, matokeo yalikuwa mchanganyiko. Zilizopata vyote viwili, watoto walijifunza kwa kiasi kinachoonekana wazi.

Kuna watu wamelichukua jaribio hili wakasema: mnaona, fedha hazisaidii. Hawajasoma mstari wa mwisho. Bonasi ilifanya kazi vizuri pale ambapo mwalimu alikuwa pia na vifaa vya kufundishia.

"Madarasa yamejengwa, tatizo limekwisha"

Mkopo nafuu wa IMF wa 2021, ile trilioni 1.3 ya UVIKO-19, ulijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazoegemea shule mama. Ni kazi inayoonekana, na Januari 2022 ilipunguza aibu ya wanafunzi kusubiri kuanza kidato cha kwanza kwa kukosa chumba. Ila darasa hujengwa kwa miezi mitatu, na mwalimu huandaliwa kwa miaka. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi. Ingia darasa la kwanza la shule yoyote ya pembezoni uhesabu mwenyewe.

"Msingi kuwa miaka sita ni kumpunja mtoto"

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inafuta darasa la saba lakini inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto anaongezewa miaka mitatu ya lazima juu ya ile saba. Anayepata shida ni mpangaji wa bajeti.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Wale wa darasa la tatu watamaliza la sita 2027. Wale waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo wako kwenye mtaala wa zamani, nao watamaliza la saba 2027. Madarasa mawili yanatoka kwa mkupuo, na Januari 2028 yote yanabisha hodi kidato cha kwanza, safari hii bila mchujo wa kuwabakiza wengine nyumbani kama sera inavyotaka. Vyumba vyao, madawati yao na walimu wao vinapaswa kuwemo kwenye bajeti zinazosomwa kabla ya hapo, na mlango wa kuulizia ni halmashauri yako.