Rova peke yake au na bezi yake? Mi tripodi bado iko kwenye buti

Wiki hii vijana wawili wa kupima ardhi wameniuliza swali lile lile inbox, "kaka nimejichanga, nichukue seti ya bezi na rova au nichukue rova moja tu nilipie masahihisho ya mtandaoni?" Rova ni risiva (kipokezi cha setilaiti) unayotembea nayo kwenye fimbo, bezi ni risiva inayotulia sehemu moja kwenye tripodi. Jibu langu huwa linawaboa maana naanza kwa kuuliza, unapima wapi? Kama ni viwanja vya Kibaha, Goba, Kigamboni, chukua rova moja na laini mbili za kampuni tofauti, kazi itaenda. Kama ni mipaka ya vijiji Kilosa ndani ndani huko, mnara mpaka upande juu ya kichuguu ndo usome, beba bezi tu mdogo wangu.

Rova peke yake inakupa mita kadhaa za kubahatisha. Ili ushuke mpaka sentimita lazima kuwe na risiva nyingine imetulia kwenye pointi inayojulikana, inasikiliza setilaiti zile zile na kuiambia rova hesabu zimepinda kiasi gani. Bezi yako inatuma kwa redio, huduma ya kulipia inatuma kwa intaneti, basi, tofauti ya msingi ni hiyo. Karatasi za watengenezaji nyingi zinaandika mm 8 kujumlisha mm 1 kwa kila kilomita ya kutoka kwenye bezi. Km 5 ni mm 13, km 35 tayari ni mm 43, na hapo anga limetulia, na kimo huwa kibaya zaidi ya hapo.

Hapa ndo watu wanapopigwa. Unauziwa "mtandao" kumbe unaunganishwa na stesheni moja tu iliyoko mjini, km 60 kutoka ulipo. Mtandao wa kweli ni stesheni kadhaa zinazokuzunguka, sava inachukua data zao zote na kukutengenezea bezi ya kubuni pale pale uliposimama. Ukitoka nje ya eneo walilolizungusha, sava inakisia tu. Kwahiyo kabla hujatoa hela omba ramani ya stesheni zao, weka kidole pale unapopigaga kazi, wakianza kuzunguka zunguka kukuonyesha ujue jibu ushalipata.

Afu kuna anga letu hili. Sisi tuko karibu na ikweta, ionosfia (tabaka la juu la anga linalochelewesha mawimbi ya setilaiti) inachafuka sana mchana na tena jua likishazama, unaona kontrola (kile kifaa cha mkononi chenye skrini) inasema fixi, yani sentimita zimepatikana, mara floti, yani bado inabahatisha, fixi tena, floti, saa nane mchana umesimama na pole juani kama mlingoti. Bezi ikiwa km 2 kutoka ulipo anga lenu ni moja, hitilafu zinafutana zenyewe, stesheni ikiwa mbali hazifutani. 2024 jua lilipokuwa kwenye kilele chake kuna watu walipeleka risiva kwa fundi wakidhani zimekufa, wakati zilikuwa nzima kabisa. Mi bikoni za mpaka (zile alama za kona za shamba au kiwanja) nazimaliza kabla ya saa tano asubuhi.

Bando usiogope, masahihisho hayali hata MB 10 kwa saa, shida ni mnara.

Sasa hiyo bezi nayo usiione malaika. Intaneti ikikata utajua hapo hapo, rova inalalamika. Bezi inakosea kimya. Kuna kazi ya shamba la mkonge nilifanya Kilosa, siku ya kwanza sikuwa na pointi ya kuanzia nikatega bezi kwenye msumari, nikabonyeza ijisomee yenyewe ilipo, tukapima kutwa nzima. Kesho yake kijana wangu kaitega kwenye msumari ule ule, kaipatia kwelikweli, ila na yeye kabonyeza ijisomee upya. Fixi safi, skrini inasema usahihi wa mm 10, kila mtu anafurahi. Bahati nikapita kwenye bikoni tuliyosimika jana nikasema ngoja niigusie, skrini ikaniambia sogea mita 1.8 kaskazini, yani ndani ya mkonge kabisa. Kila tulichopima asubuhi ile kilikubaliana chenyewe kwa chenyewe na chote kilikuwa sipo, maana bezi ikijisomea inabahatisha kwa mita na kila mara inakuja na jibu lake. Tulirudia.

Kwahiyo sasa hivi bezi ikijisomea siku ya kwanza, zile koodineti naziandika kwenye daftari (daftari la karatasi, ndio) na siku ya pili naziingiza kwa mkono. Halafu naiacha irekodi data ghafi masaa mawili au zaidi, jioni nabadilisha kuwa RINEX (faili la data linalosomeka na programu zote) natuma AUSPOS ya Australia au CSRS-PPP ya Kanada, huduma za mtandaoni za kukokotoa ulipo, zote bure, zinanirudishia pale ilipokuwa kweli nami nasogeza kazi yote. Ila angalia, jibu lao liko kwenye fremu ya dunia (mfumo wa koodineti wa dunia nzima) kwa tarehe ya siku uliyopima, na bara letu linasogea karibu sm 3 kwa mwaka, ukichanganya na pointi ya miaka 10 iliyopita tayari una karibu sm 30 zisizo na mwenyewe.

Na uwe na mlinzi wa bezi, mbuzi hawajui tripodi ni nini.

Hata nikitumia mtandao, kazi yoyote naanza kwa kusimama kwenye bikoni ya zamani yenye koodineti zinazojulikana, na nafunga siku hapo hapo. Tofauti ikiwa sentimita mbili tatu naendelea na kazi. Ukiona imekataa kwa karibu mita 300 kaskazini au kusini usigombane na bezi wala mtandao, ramani yako iko Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti wa huku kwetu, na kontrola umeiacha kwenye WGS84, mfumo wa GPS.