Eosinofili zikipanda, nani kazipandisha?

Mtoto mwenye minyoo akipimwa FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), mara nyingi eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, zinatoka juu. Wanafunzi wangu hapa Moshi wanaisoma karatasi hiyo bila shida: minyoo, au aleji. Nikiuliza nani kazipandisha, jibu ni moja: limfositi T, seli nyingine nyeupe za kinga. Si kosa, ila wameruka hatua.

Limfositi T huchukua siku kadhaa. Kila moja ina kipokezi chake, na zile chache zinazomtambua mvamizi lazima kwanza ziongezeke. Lakini zina ndugu zao wasio na kipokezi cha namna hiyo: seli limfoidi za asili, kwa kifupi ILC. Chimbuko lao ni moja, seli mama ya limfoidi kwenye uboho (kwa kijusi, kwenye ini). Protini iitwayo Id2 ndiyo inayozizuia zisiwe limfositi T wala limfositi B. Zikishatoka huko, nyingi huhamia mapafuni, kwenye ngozi na kwenye utumbo, zikakaa hukohuko. Ukizitafuta kwenye damu, utaambulia kiduchu.

ILC zina makundi. ILC2, zilizoelezwa mwaka 2010, hazimtambui mnyoo kabisa. Ni kama wanakijiji wanaoitikia yowe kabla hawajajua mwizi ni nani. Anayepiga yowe ni seli za kishungi, chache mno kwenye ukuta wa utumbo, ambazo hutoa intalukini-25 (intalukini ni kemikali ambazo seli hutumia kupashana habari). ILC2 hujibu kwa intalukini-5, inayoongeza eosinofili, na intalukini-13, inayozidisha ute na kuufanya utumbo ujikaze ili mnyoo atoke. Hiyo 13 pia huzalisha seli za kishungi zaidi, na mlio unazidi. Mapafuni, kemikali hizohizo ndizo zinazochangia pumu.

ILC1 hushughulikia vimelea vilivyojificha ndani ya seli. ILC3 hulinda ukuta wa utumbo kwa intalukini-22, na jamaa zake hujenga mitoki mtoto akiwa bado tumboni.

Sasa, mengi ya haya yametokana na panya. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa walieleza wagonjwa waliozaliwa bila kinga, wakapandikizwa uboho: T zilirudi, ILC hazikurudi, na kwa miaka 7 hadi 39 hawakupata magonjwa ya ajabu. Wapo waliohitimisha kwamba kwa binadamu ILC ni za akiba tu. Mimi naona wameharakisha. Wagonjwa hao hawakukulia mahali ambapo lava wa safura hupenya nyayo za mtoto anayetembea pekupeku shambani.