Damu Chooni Si Bawasiri Tu: Maswali Kuhusu Vinyama vya Utumbo Mpana

Hivi vinyama ni nini hasa?

Ni viuvimbe vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Madaktari huviita polipu. Vingi havidhuru, ila aina iitwayo adenoma inaweza kugeuka saratani, kwa kawaida baada ya miaka 10 hivi. Kikiondolewa kabla ya hapo, saratani haipati pa kuanzia.

Mamangu hutokwa na damu akienda haja kubwa. Majirani wasema ni bawasiri. Tumpe mitishamba?

Mpelekeni hospitali kwanza. Hapa Mombasa kila damu ya chooni huitwa bawasiri, na jambo hili lanitia hofu. Yaweza kuwa bawasiri kweli, lakini polipu nayo hutoa damu, na kwa kutazama choo tu hakuna awezaye kuzitofautisha. Polipu nyingi hata hazina dalili. Nyingine huvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana, mtu akawa achoka tu. Mzee akikutwa na upungufu wa damu, msiishie kwenye vidonge vya kuongeza damu; ulizeni inapotelea wapi.

Nani yuko hatarini zaidi?

Umri ndio wa kwanza. Mwaka 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza kupimwa, kutoka miaka 50 hadi 45. Kisha sigara, pombe, unene, kukaa kutwa bila kutembea, kisukari aina ya pili, na nyama nyekundu kwa wingi, hasa soseji na nyama nyingine za kiwandani. Simkatazi mtu mishkaki ya Ijumaa. Ila mbaazi, kunde na mboga zina nyuzinyuzi zinazousaidia utumbo, na zisikosekane mezani.

Halafu kuna damu ya ukoo. Wengi huambiwa babu "alikufa kwa tumbo", basi, kwa kuwa mambo ya choo huonewa haya. Ulizeni wazee! Mzazi au ndugu akiwa aliugua saratani ya utumbo mpana, wewe huanza kupimwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao, utakaotangulia.

Kipimo chenyewe kikoje?

Kuna cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana. Kikiipata, hufuata kolonoskopi: unakunywa dawa ya kuharisha ili utumbo usafike, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa, mara nyingi ukiwa umepewa dawa ya usingizi. Polipu ikionekana, mara nyingi hukatwa papo hapo, ikapelekwa maabara. Majibu yake ndiyo yatakayoamua urudi lini.